Gurudumu Lililonyamaza



Motokari yangu, Toyota ya zamani, ilianza kulia kwenye gurudumu la mbele, upande wa kuume. Siku moja inalia, siku mbili inanyamaza. Kwa fundi, kimya. Tukaomba, kimya tena. Ndugu mumoja akasema: «Shemasi, imepona. Ukiifungua sasa, unamujaribu Mungu.» Na Jumamosi nilipaswa kuteremusha wamama wa kwaya mpaka Kasenyi, ule mulima wote wa kushuka toka Bogoro!

Nikajiuliza, kimya ni ushuhuda? Fundi alinifundisha hivi: rulema, kile chuma cha duara kinachobeba gurudumu, kikichakaa kinalia zaidi kikilemewa. Ukikata kona ya kushoto, uzito unaegemea kuume, basi kitasema. (Sauti ikikatika ukigusa freni, tafuta kwenye freni; pengine ni kijiwe tu.) Lakini mbele ya garaji, motokari imesimama bila muzigo, ingesema nini?

Na kama Mungu ameponya, mifuko ya muchanga itaharibu kazi yake? Tukaipakia, tukakata kona za kushoto. Ikanguruma. Tukainua na kriki, tukashika gurudumu juu na chini, tukatikisa: likacheza.

Sikatai maombi, mimi mwenyewe nilifunga. Lakini niliupenda ule ukimya kwa sababu sikuwa na feza za rulema, na nikauita imani.

Wamama walinung'unika sana. Kule Kasenyi waliimba bila sisi.