Haki ya Kuwasha Moto

Yeyote akaaye Machakos, nyasi za vilima vya Iveti na Mua zinapokauka kwa kiangazi, aijua harufu ya moshi upandao jioni, na aghalabu humlaani aliyewasha. Kwani tangu zama za ukoloni, ambapo mabwana shamba walihofia mmomonyoko wa udongo wa Ukambani kuliko jambo jingine lolote, tumefundishwa kwamba moto ni adui wa mti, na mwenye kuuwasha porini ni mhalifu. Sina nia ya kumtetea mchungaji mzembe, wala mchoma makaa. Lakini liko suala zito kuliko sheria: je, binadamu aliyekabidhiwa ardhi kuwa amana aweza kuichoma kwa mkono wake mwenyewe, na bado akahesabiwa mwaminifu?

Misonobari tuionayo Iveti ni ya kupandwa, haina asili katika nchi hii. Lakini jibu moja la swali hilo liko katika misitu ambako msonobari ni wa asili: huko kusini-mashariki mwa Marekani uko msonobari wa majani marefu, ambao misitu yake hapo kale ilienea yapata hekta milioni 36, nayo mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa imesalia takriban hekta milioni 1.2 tu. Shoka na mashamba vilikula sehemu kubwa. Ila sababu nyingine, na ya ajabu zaidi, ni kwamba watu waliodhani wanauhifadhi msitu waliuzima kila moto, hata ule wa radi, vichaka vikasonga, na miche ikakosa jua. Mche wa mti huo hukaa miaka kadhaa usirefuke, ukadhaniwa kishungi cha nyasi, ilhali mzizi wake wazidi kwenda chini. Moto upitapo huunguza majani ya nje, na chipukizi lililofichwa katikati husalimika. Yuko na kigong'ota wa huko, asiyetoboa tundu lake ila katika msonobari mkongwe ulio hai, ambaye alikaribia kutoweka pamoja na miti hiyo. Leo wahifadhi wanauchoma msitu kwa makusudi, kila baada ya miaka michache.

Wala hikima hii si ngeni kwetu. Kokwa la mukau, mti wa nyika za Ukambani, ni gumu mno, hata katika vitalu hulazimu kulipasua na kuichanja ngozi ya mbegu kwa uangalifu ndipo iote. Na wako wakulima ambao, bila kitalu, huwasha takataka kavu juu ya makokwa, wakaliachia joto kazi hiyo.

Hata hivyo, hoja ya mwenye kukataa si nyepesi. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alipoona makao ya sisimizi yamechomwa, alibainisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Na imepokewa pia habari ya nabii mmoja wa kale aliyeumwa na sisimizi akaiteketeza kaumu yao nzima, akakaripiwa na Mola wake. Basi achomaye ekari mia atajibu nini juu ya sisimizi, vinyonga na makinda ya kwale?

Nionavyo mimi, kosa la nabii yule lilikuwa ghadhabu isiyopambanua: aliumwa na mmoja, akalipiza kwa wote. Mwenye kuhuisha msitu hana kisasi. Walakini sitosheki na jibu hilo, kwa maana nia njema haimfufui kinda. Ndiyo sababu nawaona waadilifu zaidi wale wachomao kipande kwa kipande, upepo ukiwa mpole na udongo ungali na unyevu, wakiacha njia ya kukimbilia. Na aliyeuzima moto miaka hamsini naye aliua, ijapokuwa hapana aliyeuona moshi wake.

Wazee wa Akamba walikuwa wakichoma malisho kabla ya mvua ili nyasi changa zichipue, na wazee hao hao waliyatenga mathembo, mahali pa kafara chini ya mikuyu mikubwa, ambapo mtu hakuthubutu kukata hata kijiti. Hawakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili, wala mimi siuoni. Na iwapo siku moja Iveti itarudishiwa miti yake ya asili, wazee wa mathembo ndio ningependa waulizwe kwanza ni wapi moto upite na wapi usipite.