Nilimwambia Mjomba Sori

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jeti pale Lamu mjini na binamu yangu, tukingoja boti ya kwenda Shella. Maji yalikuwa yametoka na ngazi za chini zimejaa mwani. Mama mmoja wa Kizungu akashuka kwa haraka, akateleza, akapiga goti. Binamu yangu akaruka kumshika mkono. "Sori! Sori sana!"

Yule mama akainuka, akajipangusa, akatabasamu na kumwambia kwa Kiingereza asijali, halikuwa kosa lake.

Binamu yangu akarudi kukaa. Akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia: "Kwani nani kasema ni kosa langu?"

Tulicheka mpaka Shella. Tangu siku hiyo, kila mtu wa bara au wa ng'ambo akiuliza kwa nini Wakenya wanaomba radhi hata kwa mambo wasiyoyafanya, mimi humpa hadithi ya goti la yule mama. Ukijikwaa River Road, mtu usiyemjua atakwambia sori. Ukipaliwa na chai ofisini, sori. Stima ikikatika kwako na kwake bado iko, sori. Mwingereza huona huu ni mzaha, maana kwake neno hilo mtu analisema akiwa amekukanyaga yeye mwenyewe. Sisi tulichukua neno la Kiingereza tukalivisha kazi ya pole.

Baadaye nikaja kusoma asili ya neno lenyewe, na nikagundua kwamba binamu yangu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. *Sorry* ni neno la zamani sana, la kabla Waingereza hawajatawaliwa na Wafaransa wa Normandy. Lilikuwa *sārig*, na lilitokana na *sār*, maumivu, lile lile ambalo leo ni *sore*. Mtu wa *sārig* alikuwa mtu mwenye kuumwa moyoni. Hakuna kosa ndani yake, hakuna kukiri, hakuna kuomba. Ajabu ni kwamba hata *sorrow*, ambalo ungedhani ni mamake, lina ukoo mwingine kabisa. Maneno hayo mawili yalifanana sauti na maana, yakakaa pamoja miaka mingi, mwisho watu wakadhani ni ndugu. Kwa hiyo kijana wa Lamu anayemwambia mgeni sori kwa sababu mgeni ameumia goti, amelirudisha neno nyumbani kwao. Maana ya kuomba msamaha ndiyo iliyokuja baadaye.

Ningeweza kuishia hapo, tukapigiana makofi kwamba Waafrika tunajua Kiingereza kuliko wenyewe. Lakini neno hili nina kesi nalo.

Mjomba wangu ni mvuvi, anaishi Matondoni. Januari moja mashine ya boti yake iliharibika giaboksi. Lamu hakupata, Mombasa akaambiwa bei ya kuruka, basi akanitumia shilingi 38,000 kwa simu nimtafutie Nairobi. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba wangu alikuwa ameshatia kufuli mlangoni. Kodi ya miezi miwili. Nilijiambia ninazikopa tu kwa siku tatu, kuna kazi niliyokuwa nimeimaliza nasubiri malipo. Siku tatu zikawa wiki tano. Giaboksi ilipanda basi katikati ya Machi.

Kwa msomaji wa Nairobi wiki tano ni wiki tano. Kwa mvuvi wa Lamu, Januari hadi Machi ni kaskazi: bahari imelala, boti ndogo zinaweza kutoka nje ya miamba, na hoteli zina wageni wanaotaka samaki. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari inavimba na mwenye boti ndogo hubaki ndani ya mikoko akiokota alichopewa. Mjomba hakupoteza wiki tano. Alipoteza karibu msimu mzima.

Nilimwandikia WhatsApp. Ujumbe wangu wote ulikuwa hivi: "Sori mjomba, mambo yalikuwa tight huku." Nikaweka na ile katuni ya mikono miwili iliyokutana.

Akajibu: "Pole nawe."

Nilifurahi, nisidanganye. Niliona mzee ameelewa. Nilikuja kushtuka siku nyingine kabisa, usiku, ndani ya matatu ya kwenda Umoja. Mjomba alinijibu sawasawa na nilichomwambia. Nilimpelekea habari za maumivu yangu, akanipa pole ya maumivu yangu. Aliyekosa msimu ni yeye, na mwisho wa mazungumzo pole ilikuwa mikononi mwangu mimi.

Kiswahili kingenizuia, kama ningekitumia. Sisi hatuna neno moja la kubeba mambo haya yote. Tuna pole, na jibu lake ni "nishapoa". Sikiliza hayo maneno mawili: pole, kupoa. Mtu ana joto la maumivu, la kazi, la safari, la msiba, na wewe unampepea. Pole inamwendea yeye. Haikuulizi ulikuwa wapi jambo likitendeka. Ndiyo maana unaweza kumpa pole adui yako aliyefiwa, na ukampa pole mtu aliyetoka safari njema tu.

Halafu tuna samahani. Neno hili lilikuja kwetu likiwa sentensi nzima: kile *ni* cha mwisho ni "mimi" ya Kiarabu. Nisamehe mimi. Na shina lake kwa Kiarabu linagusa ukarimu, moyo mpana. Kwa hiyo anayesema samahani anaomba kitu, na anakiomba kwa mtu ambaye anaweza kukosa ukarimu. Watanzania wana jibu lao zuri, "bila samahani", kana kwamba wanakurudishia ombi lako kabla hujalilipia.

Na tuna lile la wazee, niwie radhi. Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Radhi ni kuridhika kwa moyo, nayo haimo mkononi mwa anayeomba. Lakini tazama pia hiyo *wia*. Ukifungua kamusi utakuta *wia* nyingine inakaa jirani yake, yenye maana ya kumdai mtu: mwia ni mdai, mwiwa ni mdaiwa. Mtu anayesema niwie radhi anasimama karibu sana na mlango wa deni.

Sasa liweke sori kati ya hayo. Pole inamtazama aliyeumia. Samahani na niwie radhi zinamwomba aliyeumia. Sori, kwa asili yake, inamweleza msemaji: mimi naumwa. Ukilisema kwa goti la mtu mwingine, ni huruma, na ni huruma nzuri. Ukilisema kwa kosa lako mwenyewe, bila kuongeza kitu, unakuwa umezungumza habari zako tu. Hukuomba chochote, kwa hiyo hakuna anayeweza kukunyima. Nadhani ndiyo sababu nililichagua, ijapokuwa vidole vyangu vilikuwa vikijua Kiswahili siku zote.

Wakubwa nao wanaijua tofauti hii, tena vizuri kutuzidi. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisimama mbele ya meza ya karamu Nairobi akazungumzia ukatili uliofanywa na Waingereza wakati wa kupigania uhuru. Akataja huzuni kubwa. Akataja majuto. Hakuomba msamaha. Miaka kumi kabla, Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alikuwa ametangaza majuto hayo hayo bungeni London, pamoja na malipo ya karibu pauni milioni 20 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa, na akaweka wazi kwamba serikali yake haikubali kubeba dhima kisheria. Wanasheria wanajua: majuto ni ya mwenyewe, lakini ombi la msamaha linaweza kuitwa ushahidi.

Siku moja tu baada ya karamu ile ya Nairobi, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, mji wenye jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Alikutana na wajukuu zake. Yeye aliomba msamaha kwa neno lenyewe. Sisemi kwamba Wajerumani ni watu wema kuliko Waingereza. Mambo ya fidia hayakumalizika pale. Nasema tu kwamba mmoja alieleza moyo wake na mwingine aliomba. Aliyeomba alijiweka mahali ambapo wale wajukuu wangeweza kumjibu hapana.

Na tusiwacheke wageni peke yao. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba Wakenya msamaha bungeni kwa maovu ya serikali yake na zote zilizomtangulia, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Msamaha ulisikika siku hiyo hiyo. Mfuko ukapitwa na miaka bila kuwafikia waliotajiwa.

Kwetu Lamu tuna upande wa pili wa shilingi hiyo. Bandari mpya ilipoanza kuchimbwa, mkondo wa bahari ukachimbuliwa na wavuvi wakapoteza sehemu walizovua tangu babu zao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya 4,000. Ikafuata rufaa, vikao, mazungumzo ya sehemu gani iwe pesa na sehemu gani iwe boti na vifaa. Fidia ni neno zito, limetoka kwenye fidya, kitu unachotoa ili ukomboe. Aliyeshindwa kufunga Ramadhani kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha maskini, na hiyo ni fidya yake. Lakini jaji anaweza kuamuru fidia. Radhi hawezi kuiamuru, si upande wa kuombwa wala upande wa kutolewa.

Rafiki yangu mmoja niliyemsomea haya aliniambia naringia Kiswahili bure. Akanionyesha simu yake. Kila Ramadhani ikikaribia anapata ujumbe ule ule kutoka kwa watu arubaini: *kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, naomba unisamehe*. Umetumwa kwa kila mtu, umesahihishwa na nani hakuna ajuaye, na mwingine una picha ya kandili. Mmoja wa waliomtumia ana deni lake la miaka mitatu. "Huyu kaniomba msamaha," akasema, "kwa Kiswahili fasaha, na pesa zangu bado zi kwake. Sasa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Kinywa chochote kinaweza kulichosha neno lolote. Zamani mtu akienda Hija alikuwa akipita mlango kwa mlango kwenye vichochoro vyetu, anaaga na kuomba radhi, na hapo lazima akutane uso kwa uso na yule aliyemdhulumu ukuta wa uwanja. Madrasani tulifundishwa mapema kwamba toba ya haki ya mja haitimii kwa kulia msikitini. Kwanza umrudishie mwenyewe chake, au akuachilie. Simu imetuokoa na safari hiyo ya mlango kwa mlango. Unaomba bila kuangalia macho, au kama tunavyosema kwetu, mato.

Kwa hiyo Aprili nilipanda basi. Sikusubiri sikukuu, kwa sababu sikukuu watu husameheana kwa mazoea. Kutoka Lamu mjini nikafika Matondoni alasiri, nikamkuta mjomba chini ya mwembe anatengeneza nyavu. Upepo wa kusi ulikuwa tayari umeanza. Shikamoo, marahaba, habari za Nairobi. Akaitisha chai.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ndani ya basi, lakini maneno yaliponijia yalikuwa machache. Nilimwambia pesa zake nilizitumia kwa kodi yangu, kwamba hazikuchelewa zenyewe, nilizichelewesha mimi. Nikamwambia nimekuja na elfu ishirini, na kwamba najua haziwi kaskazi. Nikasema, "Niwie radhi, mjomba."

Hakuinua kichwa. Aliendelea na fundo lile mpaka likaisha. Kisha akasema, "Nimesikia."

Nikangoja. Mke wake akaleta chai na mahamri, akatutazama, akarudi ndani bila kusema neno.

"Zile pesa mpe mke wangu," akasema baadaye. "Na ile giaboksi ni nzuri."

Ni miaka miwili sasa. Tunaongea vizuri, huniuliza kazi, humuuliza mkewe afya. Mwaka jana alinitumia mfuko wa papa mkavu kwa basi. Ile radhi hajaitamka, nami sijamkumbusha.