Dhambi ya Ini

Kabazi, upande wa Subukia, kesi ya ini haichelewi kuamuliwa. Mtu akianza kuwa na macho ya manjano, tumbo likajaa maji huku mikono ikikonda, majirani huwa wameshakata shauri kabla hajafika hospitali: ni chang'aa hiyo. Akifa, matangani watu hunong'ona, na mhubiri asiye na simile hupata mahubiri ya bure.

Swali la nani alaumiwe kwa ugonjwa ni la kale. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anayakataa yote mawili. Marafiki wa Ayubu nao walimshurutisha mgonjwa aungame kosa asilolijua, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si yeye. Waislamu pia humkumbuka Nabii Ayubu kwa subira yake. Ajabu ni kwamba wanaovisoma vitabu hivi bado huzungumza kama marafiki hao, Elifazi na Bildadi.

Kwani pombe haiharibu ini? Huliharibu, tena vibaya. Ila haiko peke yake.

Homa ya ini aina ya B huweza kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua. Watoto wachanga walioambukizwa hivyo, takriban tisa kati ya kumi hubaki na virusi hivyo mwilini, na baada ya miongo ini huweza kujaa makovu au kupata saratani. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa hiyo kwa mpango wa kawaida mwaka 2001. Mkulima wa Kabazi aliyezaliwa 1980 hakuikuta. Akiugua leo, atubu nini?

Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kosa lao lilikuwa kula ugali. Mahindi yalikuwa yamewekwa ndani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na sumu ya kuvu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ikikutana na virusi vya aina ya B katika ini moja, hatari ya saratani hupanda maradufu na zaidi.

Hapa ndipo dhambi inapoonekana, ila si kitandani pa mgonjwa. Iko kwa mfanyabiashara anayejua gunia limeoza, akalichanganya na mahindi mazuri na kuliuza. Iko pia kwa anayemmwagia ng'ombe mahindi yaliyooza akidhani ameokoa hasara, kumbe sumu hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto wa jirani. Hao hawana macho ya manjano, na Jumapili huketi viti vya mbele.

Hata mlevi wa kweli hajapoteza haki ya kutibiwa bila matusi.

Kila Oktoba Wakatoliki kutoka pembe zote za Kenya hukusanyika kuombea taifa kwenye kituo cha Bikira Maria, Subukia, na wengi huondoka na maji ya chemchemi. Waendelee kuyachota. Lakini mapadri, wachungaji na maimamu wa huko wana mimbari kila wiki: wawahimize waumini wapime homa ya ini aina ya B, wasio nayo wachanjwe, na mahindi yakaushwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani.