Aliyesuka Ni Nani?



Tangu kundi letu liliporudi kutoka Dar es Salaam, watu kadhaa wamekuwa wakiuliza swali ambalo ni la haki kabisa. Watu ishirini na wawili wapande basi kutoka Kibiti, waende mjini kutazama vinyago na picha ukutani, kisha warudi mikono mitupu: ni faida gani hiyo? Wengine wameongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wako wenzetu wa mtoni ambao hawajasimama sawasawa tangu mafuriko ya mwaka wa 2024. Swali hilo la fedha Padre amekwisha kulijibu, kwamba kila mtu alijilipia nauli yake, nami siliongezei neno. Nataka kuandika juu ya swali jingine, lililotokea hukohuko safarini, na ambalo naliona zito zaidi.

Kwa ufupi, tulizuru mahali panne. Kwanza Makumbusho ya Taifa, yaliyoko Barabara ya Shaaban Robert, ambayo yalifunguliwa kwa watu wote mwaka wa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Kisha Kijiji cha Makumbusho, kilichoanza miaka ya 1960, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo kwao. Halafu wachongaji wa Mwenge, na mwisho wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay. Alituongoza kijana mmoja mwenye elimu na adabu, aliyetuita "wazee wangu" na kutusubiri penye kila ngazi. Mimi binafsi nilikipenda Kijiji kuliko pengine pote, maana pale mtu huinama akaingia ndani, na nyumba isiyoingilika ni picha tu ya nyumba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika chumba kimoja, na sitaji ni wapi, kwa kuwa kasoro hii inapatikana katika majumba mengi ya makumbusho duniani, tulisimama mbele ya vitu vya kusukwa. Mama zetu waliacha kumsikiliza mwongozaji. Wakakaribia kioo mpaka kikaingia ukungu, wakahesabu kili, wakabishana juu ya rangi, na mmoja akasema kwamba mshono ule ni wa mtu mwenye subira, maana haukuvutwa hata mahali pamoja. Kibao kilisema kwamba ni mkeka, kwamba umetoka pwani, na kikataja jina la bwana mmoja. Bibi mmoja wa delta, ambaye amesuka tangu utoto wake, akauliza, "Mwanangu, aliyesuka ni nani?" Kijana akakisoma kibao tena, akajibu kwa heshima kwamba haikuandikwa. "Na huyu aliyeandikwa?" Akaambiwa kwamba huyo ni mtu aliyeutoa mkeka kwa makumbusho. Bibi akasema, "Ahaa," tukaendelea mbele.

Swali langu ni hili: je, kuitunza kazi ya mtu na kulipoteza jina lake ni kumdhulumu?

Wako watakaosema kwamba hapana dhuluma yoyote. Kwetu hakuna mwanamke anayeandika jina lake mkekani. Hukata ukindu, huuanika, huuchana, huuchemsha katika rangi, husuka ukili siku nyingi, hushona, na mkeka ukiisha hutandikwa watu wakakaa. Kama mwenyewe hakuona haja ya jina, sisi tunalidai kwa niaba ya nani?

Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu asiyeishi katika vijiji vyetu. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na kila mwalimu anajua kwamba daftari lisilo na jina halimpi taabu, maana mwandiko humtaja mwenyewe. Ndivyo ilivyo na mikeka. Tandika mkeka mbele ya akina mama wa kisiwa kimoja cha delta, nao watakuambia mkono ulioushona, na pengine watakuambia na mwaka ambao macho ya msukaji yalianza kupungua nguvu. Jina halikuandikwa kwa sababu lilikuwa linajulikana. Lilipotea siku ile mkeka ulipofungwa kamba na kuchukuliwa na mtu ambaye hakuuliza.

Tena mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mwandishi hodari. Mwaka wa 1906, wakati vita vya Majimaji vilikuwa havijaisha, mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, alitembea huku kusini, Lindi na Newala, akikusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Safari yake tunaijua, na mwaka wa 1908 aliitolea kitabu. Mjini Berlin pekee vimo vitu zaidi ya 10,000 vilivyotoka katika nchi yetu, vingine vikiwa vimetekwa vitani. Watu waliovikusanya wengi wao wanajulikana kwa majina na vyeo. Waliovichonga, waliovifinyanga na waliovisuka, wengi wao wanajulikana kwa jina la kabila basi. Wino ulikuwapo, karatasi ilikuwapo, na mwenye kuandika alikuwa ameketi mbele ya mwenye kutengeneza. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba ni bahati mbaya. Mtu aliamua ni jina gani lina thamani ya wino.

Nitoe mfano mmoja ambao si wa sanaa, lakini unatoka kwa jirani zetu. Kati ya mwaka wa 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale pale Tendaguru, mkoani Lindi. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao, mrefu kupita mnazi mchanga, amesimamishwa Berlin hata leo, na katika jina lake la kitaalamu limo jina la Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho huko. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mswahili aitwaye Boheti bin Amrani. Yeye alingoja hadi mwaka wa 2007, karibu miaka mia moja, ndipo mtaalamu mwingine alipompa mnyama mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Walimpataje? Jina lake lilikuwa limeandikwa wakati ule. Lisingeandikwa, hata huyo mtaalamu mwenye moyo mwema asingekuwa na la kufanya.

Wapo watakaoleta hoja ya unyenyekevu, nayo yatuhusu sisi Wakristo. Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kulia. Basi msukaji asiyejulikana si ndiye mtumishi mwema hasa? Nimeifikiri sana hoja hii tangu tuliporudi, nami naona kwamba inachanganya mambo mawili. Fundisho lile ni la mtu anayejificha mwenyewe. Halikumpa jirani yake ruhusa ya kumficha. Mtu akitoa sadaka kwa siri amefanya vizuri, lakini mweka hazina akiifuta hesabu yake kitabuni hatumsifu kwamba amemsaidia kuwa mnyenyekevu.

Hoja inayonitatiza zaidi ni ile aliyoitoa mzee mmoja ndani ya basi, tulipokuwa tumekwama katika foleni ya Mbagala. Alisema kwamba mkeka si wa mtu mmoja. Nakshi zile bibi alizipata kwa mama yake, na mama kwa mama yake; ukiandika jina la mmoja umewaibia wote waliomtangulia. Kwa hiyo, alisema, "Rufiji" latosha kuwa jina.

Nilimjibu kwa habari za Bezaleli katika kitabu cha Kutoka. Huyu alitengeneza vyombo vya hema ya kukutania, na hakubuni mfano wake, maana Musa alionyeshwa mfano ule mlimani. Ikiwa kuna fundi aliyefuata nakshi isiyokuwa yake, ni yeye. Hata hivyo ametajwa kwa jina, ametajwa baba yake Uri na babu yake Huri, limetajwa kabila lake, ametajwa na mwenzake Oholiabu. Kupokea mfano kutoka kwa wengine hakukulifuta jina la mkono uliofanya kazi. Mzee alinyamaza, nami nikadhani nimeshinda. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma yetu, akasema, "Mwalimu, na wale wanawake waliosokota nyuzi na singa za mbuzi? Wao mbona hawakutajwa?" Nilifungua Biblia palepale. Ni kweli, sura ya 35 inawasifu kwa hekima ya mioyo yao, wala hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Naliandika hapa ili msomaji ajue kwamba kazi ya uzi na majani imesahauliwa kwa muda mrefu, na si makumbusho peke yake yaliyosahau.

Lakini yafaa tujue pia kwamba jina lina mitego yake. Pale Oysterbay tulisimuliwa habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka wa 1932 upande wa Tunduru. Alianza kuchora yapata mwaka wa 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, akiuza picha zake karibu na Morogoro Stores. Aliandika jina lake kwenye picha. Mwaka wa 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliodhani kwamba gari alimokuwamo ni la wezi. Alichora miaka michache mno, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Sasa watu husema "nimenunua tingatinga" kama wasemavyo "nimenunua kanga". Lakini January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah na wengine waliojifunza kwake, nani anawataja? Jina la mmoja limekuwa mwavuli, na mwavuli huficha nyuso za walio chini yake. Vijana tuliowakuta wakichora walikuwa wakiweka saini zao pembeni, kwa herufi ndogo, nao wanafanya vema.

Yuko atakayesema kwamba msukaji wa mkeka ule amekwisha kufa, na marehemu haumizwi na kibao. Na iwe hivyo. Lakini mjukuu wake yu hai, naye anauza mikeka kando ya barabara ya Kilwa. Gari husimama, mteja anashusha kioo, anaupindua mkeka, anataja nusu ya bei, kana kwamba ukindu ulijisuka wenyewe usiku. Mteja huyohuyo akifika kwa mchoraji mwenye jina, hulipa bila kufungua kinywa. Tofauti ya bei hizo mbili si ya uzuri, maana nimeviona vyote viwili. Kitu chenye jina kina mtu nyuma yake, na ni vigumu kumpunja mtu unayemwona. Mkeka usio na jina unauzwa kwa bei ya majani.

Hata hivyo si haki kuwalaumu watu wa makumbusho kisha tukanyamaza juu ya nyumba yetu. Kanisani kwetu kuna mikeka saba. Kitabu cha mali ya kanisa kimeandika "mikeka 7" na mwaka iliponunuliwa, na hakuna zaidi. Nimekaa na akina mama jioni mbili, tukaitandika barazani mmoja baada ya mwingine. Minne walimtambua msukaji mara moja. Wawili walibishana kidogo, wakakubaliana. Kati ya wasukaji hao sita, watano ni akina mama Waislamu, wawili wao wamekwisha kufariki. Mwenzetu mmoja aliuliza kama ni sawa majina yao yaandikwe katika kitabu cha kanisa. Padre alisema kwamba kama tunapiga magoti juu ya kazi ya mikono yao kila Jumapili, hakuna haja ya kuliuliza hilo. Majina yameandikwa, pamoja na kijiji cha kila mmoja, na wale walio hai waliombwa ruhusa kwanza. Mmoja alicheka sana, akasema tuandike pia kwamba hakulipwa salio lake. Tuliandika, na mweka hazina amelilipa.

Umebaki mkeka mmoja. Ni ule mdogo wa sakristia, wenye mistari ya zambarau na kijani, uliochakaa upande mmoja. Ukili wake ni mwembamba kuliko wa mikeka mingine yote, na pembeni msukaji amegeuza nakshi kwa namna ambayo akina mama wa hapa wanasema hawajaiona. Wengine wanadhani umetoka upande wa Mbwera, wengine wanasema ni wa ng'ambo, Mafia. Utatandikwa barazani baada ya ibada Jumapili mbili zijazo. Mwenye wageni kutoka delta na awalete wautazame, hata kama si waumini wetu. Anayemjua aliyeusuka, au anayeijua tu nakshi ile, na amwone Mama Katibu wa Umoja wa Akina Mama. Nafasi ya jina lake imeachwa wazi katika kitabu.