Picha za Jamaa Ukutani: Ukumbusho au Fakhari?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baad. Jambo tutakalo kulieleza katika waraka huu ni jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo si dogo: kutungika picha za wazee na jamaa katika kuta za nyumba zetu. Wako wanaosema ni haramu, wakanyamaza hapo. Wako wanaosema ni halali, nao wakanyamaza hapo. Sisi twaona kwamba baada ya neno la halali na haramu liko suala jingine, nalo ndilo lenye kumgusa mtu katika dini yake na ujamaa wake.

Wazee wetu wa Pwani walizipamba kuta zao. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate ukuta wa ndani ulichongwa zidaka kwa chokaa, humo zikawekwa sahani na bakuli za China; wala haikuwa ada yao kuweka sura ya mtu. Mwaka 1839 ikatangazwa huko Ufaransa njia ya Daguerre ya kuinasa sura, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwapo Unguja wapiga picha wenye maduka, kama Gomes na ndugu wa Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua duka la Capital Art Studio. Watu wakavaa kanzu na joho, wakakaa kitini wamenyooka, wakapigwa picha, wakazitia katika fremu na kuzitungika sebuleni. Leo kila mtu ana kamera ndani ya simu yake, na ukuta umekuwa mwepesi kujaa.

Ama upande wa sharia, hadithi sahihi zilizomo katika Bukhari na Muslim zajulikana: kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alilichukia pazia lenye sura alilolitungika Bibi Aisha, likakatwa likafanywa mito. Ilipokuja kamera wanavyuoni walikhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hata 1920, aliandika risala akasema kwamba picha ya kamera si kuumba, bali ni kukizuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia hakukubali. Kwake yeye sura ni sura, ikifanywa kwa mkono au kwa chombo. Kila mmoja ana hoja yake, na kila Mwislamu na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Waraka huu hautoi fatwa. Maneno yafuatayo ni kwa aliyekwisha kuzitungika, au aliye na nyundo mkononi.

Ndugu msomaji, taamali khabari ya kaumu ya Nabii Nuhu. Majina matano yametajwa katika Sura ya Nuhu: Waddi, Suwaa, Yaghutha, Yauqa na Nasri. Ibn Abbas amepokewa katika Bukhari akieleza kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu wao wakasimamisha sanamu mahali walipokuwa wakikaa, wakaziita kwa majina yao. Wala hawakuziabudu. Hata walipokufa walioziweka, na ilimu ikasahauliwa, ndipo zikaabudiwa. Angalia basi: shari hii haikuanza kwa chuki wala kwa ukafiri. Ilianza kwa mapenzi na ukumbusho. Kilichoharibika ni kwamba sura ilibaki na ilimu ikaondoka.

Hapana katika sisi anayemsujudia babu yake. Lakini iko sanamu nyingine tuijengayo kwa mikono yetu, nayo ni nasaba. Ingia sebule nyingi ukatazame. Utamwona babu mwenye kilemba na jambia. Utamwona ami aliyekuwa kadhi, na mwana aliyesoma Ulaya. Kisha uliza: yuko wapi mama yake yule babu? Hupati jawabu. Huenda alikuwa suria, naye hakutungikwa. Unguja amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje, hata mwaka 1909 ndipo na wao wakaingizwa. Katika sharia mwana wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru, hurithi kama ndugu zake, na mamake hawi wa kuuzwa. Basi sharia ilimpa mama yule daraja, na sisi tukamnyima msumari mmoja! Tena huenda hakupigwa picha kabisa. Lakini jina lake je, nalo wanao walijua?

Kadhalika shangazi masikini, na ndugu aliyegombana nasi kwa ajili ya shamba la minazi: hawamo. Ukuta wa namna hii haukumbushi. Wasema uwongo kwa ukimya. Na mtoto akulia chini yake hujifunza kwamba jamaa ni wale wa kujivunia tu.

Mtu atasema: mtoto wangu hakumdiriki babu yake, akiiona sura yake humuombea dua. Haya ni kweli, na hatuyakanushi. Tumeamrishwa tujifunze nasaba zetu kadiri ya kuunga kizazi, na picha yaweza kuwa msaada. Lakini msaada wa nini? Ikiwa mama yako yu hai Malindi, picha yake waipangusa vumbi kila Ijumaa, na mwaka wa pili huu hukumzuru, basi picha hiyo si kuunga kizazi. Ni hoja juu yako. Na maiti hahitaji kioo na fremu. Ahitaji deni lake lilipwe, wasia wake utimizwe, na aombewe.

Lingine ni sitara. Sebule ni mahali pa wageni. Wako wanaume wasiokubali mgeni amwone mke au binti yao bila ya buibui, na picha ya arusi, nywele wazi, i juu ya kichwa cha mgeni huyo huyo anywapo kahawa. Na wengine huzitungika pasina kuwauliza wenyewe wanawake. Sura ya mtu ni amana yake. Na atakwe ruhusa kwanza.

Basi ndugu yangu, ukiona kwamba kwako yajuzu, usianze na msumari. Anza na karatasi. Andika majina ya jamaa zako wote, wa mama na wa baba, mwungwana na mtumwa, tajiri na fakiri, aliye hai na aliyekufa. Wafundishe wanao hayo majina. Aliye hai mzuru, au umpelekee salamu na kitu, aliyekufa mwombee. Ukimaliza hayo, tazama tena ukuta wako. Huenda ukaona wahitaji picha chache kuliko ulivyodhani, na huenda ukaona liko pengo moja ambalo halijazwi ila kwa jina la bibi mmoja lililoandikwa kwa wino, pasina sura.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuunga aliyoyaamrisha yaungwe. Amin.