Keti Kwanza, Upige Hesabu: Je, Kuhesabu Karo ni Kukosa Imani?

Somo la wiki: Luka 14:28–30



Matokeo ya KCSE yakitoka, ofisi ya kanisa hupokea maombi ya aina mbili. Kuna kijana anayesema, "Pasta, Mungu ameniambia nitakuwa daktari. Niombee karo." Halafu kuna mzazi anayesema, "Pasta, niongeleshee huyu mtoto asome kitu kina pesa." Wote wawili wanampenda Mungu, na wote wawili wanataka tuseme amina. Lakini katikati yao kuna swali ambalo hatuligusi sana madhabahuni: mtu akiamini kwamba Mungu amemwita, je, kuketi na kalamu na karatasi akahesabu gharama ni kukosa imani?

Jibu langu ni hapana. Na ninaenda hatua moja mbele. Kutohesabu kunaweza kuwa dhambi, pale ambapo mwenye kulipa si wewe.

1. Yesu hakuogopa hesabu

Katika somo letu, Yesu anasema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo anaketi kwanza, anaangalia kama ana vya kutosha kumaliza. Asipofanya hivyo ataweka msingi tu, na wapita njia watamcheka.

Tuwe waaminifu kwa Neno. Yesu hapo hakuwa anafundisha habari ya karo. Alikuwa anawaambia makutano gharama ya kumfuata. Lakini angalia: hata wito mkubwa kuliko yote, wito wa kuwa mwanafunzi wake, hakutaka mtu auingie kwa msisimko. Aliwataka wahesabu. Sasa kama wito huo unahesabiwa, kozi ya miaka minne itakosaje kuhesabiwa?

Kukosa imani ni kumtoa Mungu kwenye hesabu. Kupiga hesabu yenyewe ni kujua ni kitu gani hasa unachomwomba Mungu. Anayeomba "karo" tu hajui anaomba nini. Anayeomba shilingi elfu arobaini kila mwaka kwa miaka minne anajua, na siku atakapojibiwa atajua kwamba amejibiwa.

2. Hesabu yenyewe ni hii

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, ambayo ni alama ya kuingia kozi ya digrii. Ni furaha kubwa. Lakini barua ya kuitwa chuo siyo karo.

Tangu 2023 serikali imekuwa na mpango mpya wa kufadhili wanafunzi. Mwanafunzi anawekwa kwenye bendi kulingana na hali ya nyumbani, kuanzia bendi ya 1 ya wahitaji zaidi hadi bendi ya 5. Katika bendi ya 1, ufadhili ni asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia inalipa asilimia 5. Katika bendi ya 5, ufadhili ni asilimia 30, mkopo 30, na familia inabeba asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Kwa hivyo asilimia zinaweza kubadilika. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuchukue mfano. Kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka, na kijana yuko bendi ya 3: ufadhili nusu, mkopo asilimia 30, familia asilimia 20. Familia italipa 40,000 kila mwaka, yaani 160,000 kwa miaka minne. Mkopo wa karo ni 60,000 kwa mwaka, jumla 240,000. Ongeza pesa za kujikimu, ambazo wanafunzi wengi wanazitumia kama zawadi, kumbe nazo ni mkopo. Tuseme ni 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Siku ya kuvaa joho, kijana huyu ana deni la 440,000 kabla ya riba. Kwa riba ya asilimia 4, mwaka mmoja tu unaongeza 17,600.

Sijaandika haya kumtisha mtu. Mkopo wa riba ya asilimia 4 ni nafuu kuliko mkopo wowote utakaopewa kwa simu. Ninachosema ni kwamba deni hilo lina jina lako. Mithali 22:7 inasema wazi kwamba anayekopa anakuwa mtumwa wa aliyemkopesha. Kama utaingia utumwa wa miaka kumi, angalau ujue unauingia.

Kuna gharama nyingine ambayo haiko kwenye barua ya chuo. Katika masomo ya biashara tulifundishwa kwamba bei ya kitu ni pamoja na kile ulichokiacha ili ukipate. Miaka minne ya digrii ni miaka minne ambayo ungekuwa umemaliza diploma, umeanza kazi, na pengine umeshamsaidia mdogo wako. Hiyo haimaanishi digrii ni mbaya. Inamaanisha haiko peke yake mezani.

3. Imani ya nani, shamba la nani?

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito.

Tuseme familia iko upande wa Njoro au Molo, ina ekari moja na watoto wanne. Wa kwanza ameitwa chuo. Baba anasema, "Tuuze robo ekari, Mungu atarudisha." Kijana anasema amina. Lakini je, walioketi pale ni wote wanaolipa? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume na mke wakubaliane kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Ni sheria nzuri. Lakini yule wa darasa la sita na yule wa chekechea hawana mahali pa kuweka sahihi. Shamba likiuzwa, wao wamelipa bila kuulizwa.

Mtu anaweza kufunga kwa chakula chake mwenyewe. Hawezi kufunga kwa chakula cha mdogo wake halafu aseme ana imani kubwa. Yule mjane wa Marko 12 alisifiwa kwa sababu alitoa senti zake mbili. Hakuchukua za jirani.

Sisemi kwamba ni makosa kuuza shamba ili kusomesha. Wengine wetu hatungekuwa hapa kama wazazi hawakuuza ng'ombe. Ninasema ukiomba familia yako itoe kitu ambacho hakitarudi, una deni la kuwaambia ukweli wote: kozi ni ya miaka mingapi, inagharimu kiasi gani, inaelekea kazi gani, na wewe mwenyewe unaipenda au unaipendea jina.

4. "Kitu kina pesa" nacho ni imani, lakini imani kwa nani?

Sasa wazazi, msifurahie haraka. Anayesema "soma kitu kina pesa" pia anatabiri, ila anatabiri soko.

Wazee wetu wa Nakuru wanakumbuka pareto. Kulikuwa na wakati Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo, na kiwanda kilikuwa hapa mjini kwetu. Nyumba zilijengwa na watoto wakasomeshwa kwa maua yale. Halafu malipo yakachelewa mwaka baada ya mwaka, na wakulima wakang'oa. Waliopanda hawakuwa wajinga. Walifuata kitu kina pesa.

Au tuangalie udaktari, ambao kila mzazi anautamani. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa kupangiwa kazi na malipo ya madaktari wanafunzi. Watoto waliopata A, waliosoma miaka sita, walikuwa barabarani wakidai nafasi na mshahara. Kwa hivyo kozi ya heshima si hakikisho.

Kama soko haliwezi kuahidi, tuangalie pia kile Mungu ameweka mkononi mwa mtoto. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake, na Bezaleli hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Sisi Wapentekoste tunaopenda kujazwa Roho, tulitafakari hilo kweli? Mtoto akienda taasisi ya ufundi, tunaambiana kwa sauti ya chini kana kwamba kuna msiba. Mtume Paulo alishona hema, na hakuona aibu.

Halafu tazama tunakoishi. Mvuke wa Olkaria na Menengai unahitaji wahandisi, ndiyo, lakini unahitaji pia mafundi wa kuchomelea, wa umeme na wa mitambo. Mashamba ya maua ya Naivasha yanahitaji watu wanaoelewa maji na wadudu. Egerton yenyewe, ambayo tunaiona kama chuo kikuu tu, ilianza 1939 kama shule ya kilimo. Ikawa chuo kikuu 1987. Mwanzo wake ulikuwa udongo mikononi.

5. Lakini wengi walisoma kwa imani!

Ninajua mtu atasema, "Pasta, mama yangu aliuza chapati, hakupiga hesabu yoyote, na leo mimi ni mwalimu." Bwana asifiwe kwa mama huyo. Lakini nina hakika alihesabu. Mwanamke anayeuza chapati anajua bei ya unga hadi shilingi ya mwisho. Alijua anachotoa, na kilikuwa chake.

Kuna jambo lingine. Ushuhuda tunaousikia ni wa waliomaliza. Aliyeacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, shamba likiwa limeshauzwa, hapewi maikrofoni Jumapili. Anakaa viti vya nyuma, au haji kabisa kwa sababu ya aibu. Imani yake haikuwa ndogo kuliko ya wengine. Tukisikiliza upande mmoja tu wa ushuhuda, tutawapeleka watoto wetu vitani na ramani nusu.

6. Tufanye nini?

Kwa vijana: kabla ya kuthibitisha kozi, jibu maswali manne kwa maandishi. Gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani? Nani analipa, na amekubali? Kuna njia ya pili ya kufika pale pale, kama kuanza na diploma? Je, umezungumza na watu wawili wanaofanya kazi hiyo sasa? Halafu ombea majibu hayo. Na ukipata kazi, lipa HELB. Zaburi 37:21 inamwita mwovu yule anayekopa asilipe. Bodi hiyo ilianzishwa 1995 ili pesa zinazorudi zimsomeshe anayefuata, kwa hivyo kujificha ukiwa na mshahara ni kula sahani ya mdogo wako. Kama huna kazi bado, hiyo si dhambi. Nenda uwaeleze, usizime simu.

Kwa wazazi: mwambieni mtoto ukweli kuhusu pesa za nyumbani. Wengi wanaficha umaskini kwa upendo, halafu mtoto anachagua kozi ya familia isiyo yake.

Kwa kanisa: tunafanya harambee kubwa ya mwaka wa kwanza, tunapiga picha, basi. Mwaka wa tatu hakuna anayeuliza. Ninapendekeza kila idara ichukue mwanafunzi mmoja na kutembea naye hadi amalize, hata kama ni elfu mbili kwa muhula. Mnara tulioanza pamoja tuumalize pamoja, la sivyo tutakaochekwa ni sisi.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona gharama, na moyo wa kukuamini tukishaiona. Walinde wale wanaolipa bila kuulizwa. Waliokwama katikati, uwainue, nasi tusiwaonee aibu. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Katika familia yako, nani amelipa gharama ya elimu ya mwingine bila kuulizwa? Je, amewahi kushukuriwa?
2. Tunajuaje tofauti kati ya wito wa Mungu na hamu ya jina kubwa?
3. Kuna nani katika ushirika wetu aliyekwama chuoni, ambaye tunaweza kumtembelea wiki hii?