Mwanya wa milimita moja na nusu

Kwenye bodi za saketi ninazochora, za kuwashia na kuzima pampu za maji, sehemu ninayoihangaikia kuliko zote haina kitu. Ni mwanya wa milimita 1.5 unaopita chini ya optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga, katikati ya safu mbili za miguu yake. Upande mmoja kuna umeme wa volti 230. Upande wa pili volti 5 na vitufe vinavyobonyezwa na mtu mwenye mikono iliyolowa. Pasipokatwa, vumbi litatua pale, unyevu wa Dar es Salaam utalilowesha, na siku moja umeme utatambaa juu yake. Pakikatwa, itabidi uzunguke.

Je, mwanya huo ni kitu? David na Stephanie Lewis waliliandikia swali hili mazungumzo mafupi mwaka 1970, watu wawili wakibishana kuhusu matundu ya jibini. Mmoja, Argle, hakubali kuwepo kwa chochote kisicho maada. Akibanwa, anasema tundu ni ule ukuta unaolizunguka, basi. Angeyapenda matundu yetu ya kupitishia umeme, yale ambayo kiwanda huyapaka shaba kwa ndani, maana kazi yote pale inafanywa na ukuta. Lakini mwanya wangu siutakii shaba hata chembe. Kinachonilinda ni kwamba bodi imeondoka pale. (Usiniambie ni hewa. Hewa ilikuja yenyewe, sikuiagiza.)

Mimi jibu naliona kwenye faili la mchoro. Katika KiCad, programu ninayochorea bodi, mwanya huchorwa kwenye leya ya Edge.Cuts, leya hiyohiyo yenye umbo la nje la bodi. Hakuna alama inayosema hili ni tundu. Ni mstari uliofungwa, uliokaa ndani ya mstari mwingine uliofungwa. Futa ule wa nje, na ule wa ndani unageuka kuwa bodi, kijibodi chembamba kama njiti ya kiberiti, na wala haukusogea. Tundu, basi, haliwezi kusimama peke yake. Ni la bodi fulani au si tundu. Na mstari usipofungika kwenye kona moja tu, ndani na nje havijulikani, na kiwanda kitakurudishia faili na maswali.

Tena kunyamaza kwenyewe kuna maana mbili. Bodi huanza ikiwa imefunikwa shaba yote. Kwenye leya ya shaba, nisipochora nimeagiza iondolewe kwa dawa. Kwenye Edge.Cuts, nisipochora nimeagiza ibaki. Anayedai kwamba utupu ni kutokuwepo tu aniambie ni kutokuwepo kupi, na kwa mkataba wa nani.

Kiwango cha IEC 60664-1, kinachohusu umbali wa kutenganisha umeme, kinaubana ubishi huu zaidi. Katika mazingira ya ofisini, mwanya usiofika milimita 1 kwa kawaida hauhesabiwi. Penye uchafu na unyevu, usiofika 1.5. Unapima umbali juu ya uso wa bodi kana kwamba hapakukatwa kitu, ingawa ukiiinua bodi mbele ya dirisha unaona mwanga ukipenya. Tundu lipo kwa jicho, halipo kwa umeme. Mimi nalifuata la umeme, na kibanda cha pampu si ofisi.